Redio ya Serikali Ikisema na Wageni: Sheria Inamtaja Nani?

Hii ni hotuba niliyoitoa Bwera, wilaya ya Kasese, mbele ya wasikilizaji wa redio, wafanyabiashara wa mpakani na wanafunzi wa uandishi wa habari. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha za ukutani nimeziacha. Hazikuwa na jambo ambalo maneno hayakulisema.

Mzee mwenyekiti, mashehe na wachungaji mliopo, akina mama wa soko la Mpondwe mliofunga vibanda mapema ili mje, vijana wa boda boda mliosimama pale mlangoni mkichunga pikipiki zenu, wanafunzi, na ndugu zetu mliovuka daraja la Lhubiriha kutoka Kasindi: hamjambo? Karibuni.

Nimeombwa nizungumzie sheria. Najua mtu akisikia neno hilo huanza kutafuta kiti kilicho karibu na mlango. Tulieni. Leo sheria tutaifuata mpaka ndani ya redio zenu.

Naanza na swali. Katikati ya Machi 2025, ni nani kati yenu alifungua redio akitafuta Sauti ya Amerika kwa Kiswahili asiipate? Naona mikono. Naona mikono mingi. Mzee mmoja aliyekaa hapa mbele amenieleza kabla hatujaanza kwamba alidhani betri zimekwisha, akanunua nyingine. Redio ikabaki vilevile. Akalaumu antena, akaifunga waya mpaka kwenye bati. Wapi! Mjukuu wake akamwambia redio ni nzima, maana stesheni nyingine zinaingia bila mkwaruzo.

Mzee, redio yako ilikuwa nzima. Tarehe 14 Machi 2025 rais wa Marekani alitia saini amri iliyotaka shirika linalosimamia Sauti ya Amerika lipunguzwe hadi kiwango cha chini kabisa kinachotakiwa na sheria. Kesho yake wafanyakazi zaidi ya 1,300 wakapewa likizo ya lazima. Redio iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1942, na kwa Kiswahili mwaka 1962, ikanyamaza.

Sasa sikilizeni tena maneno yale: kiwango cha chini kinachotakiwa na sheria. Kumbe kuna sheria inayosema redio ya serikali ya Marekani lazima iseme kiasi gani na watu wa nje? Ipo. Kuna sheria inayosema iseme namna gani? Ipo. Je, katika sheria hiyo, wewe msikilizaji wa Bwera umetajwa? Shikeni swali hilo. Tutatembea nalo Washington, London, Bonn na Geneva, kisha turudi nalo hapa kwetu.

Tuanze Washington, na mwaka 1948. Vita Kuu ya Pili imekwisha, vita baridi vimeanza, na Marekani inataka kueleza dunia habari zake. Wabunge wawili, Seneta Alexander Smith wa New Jersey na Mheshimiwa Karl Mundt wa South Dakota, wanapeleka mswada. Rais Truman anautia saini Januari 1948, unakuwa Sheria ya Smith-Mundt. Sheria hiyo ndiyo iliyoipa serikali ya Marekani ruhusa ya kudumu, wakati wa amani, kuzungumza na watu wa nchi nyingine kwa redio, magazeti na filamu.

Lakini wabunge wale walikuwa na hofu. Walikuwa wametoka kuiona Ujerumani ya Hitler, ambako redio ya serikali iliwaendesha wananchi hadi shimoni. Wakajiuliza: tukimpa rais redio kubwa namna hii, kesho asije akaigeuza kwetu sisi? Baadaye, mwaka 1972 na tena mwaka 1985, Bunge likakaza kamba: kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wa nje kisisambazwe ndani ya Marekani.

Hebu lipimeni jambo hilo, ndugu zangu. Kipindi kinafaa kwa Mzee wa Bwera, kinafaa kwa mama wa Kasindi, ila kwa raia aliyekilipia kwa kodi yake hakifai! Wengine husema huo ni ushahidi kwamba kilikuwa sumu. Mimi sikubali moja kwa moja. Nadhani waliwalinda wananchi wao dhidi ya serikali yao, na hilo si jambo baya. Lililonikera ni kwamba walipokuwa wakijenga ua huo, hakuna aliyeuliza sisi tulio nje ya ua tutalindwa na nani.

Na ua ukiwa mrefu mno humfungia nje hata mwenye nyumba. Mjini Minneapolis wanaishi Wasomali wengi. Mwaka 2009 redio moja ya huko iliomba ruhusa ya kurusha taarifa za Sauti ya Amerika kuhusu uharamia katika pwani ya Somalia. Wakanyimwa, sheria hairuhusu. Wakati huohuo vijana wa Kisomali mjini humo walikuwa wakipata propaganda za al-Shabaab bila kuomba ruhusa ya mtu. Mambo ya aina hii, pamoja na intaneti ambayo haijui mpaka, yaliwafanya wabunge kulegeza kamba. Badiliko lilipitishwa ndani ya sheria ya bajeti ya ulinzi, Rais Obama akaitia saini Januari 2013, na kuanzia Julai mwaka huo raia wa Marekani aliweza kuomba na kupewa vipindi vilevile tunavyosikiliza sisi.

Hiyo ndiyo sheria ya nani asikie. Sasa twende kwenye sheria ya nini kisemwe, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo penye uhondo.

Redio ya serikali ina bwana. Anayeilipa ndiye anayetaka wimbo wake upigwe. Aprili 1975, Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ilipokuwa inakaribia kuanguka, Sauti ya Amerika iliamriwa kujifunga kwenye kauli za wakubwa tu iliporipoti habari za kuwaondoa watu. Waandishi wakachukia, na haki walikuwa nayo. Mwaka uliofuata Bunge likaingilia. Tarehe 12 Julai 1976 Rais Ford akatia saini sheria fupi sana, ukurasa mmoja haujai, ambayo watangazaji wake huiita Mkataba wa Sauti ya Amerika. Inasema mambo matatu. Habari ziwe za kuaminika, sahihi na zisizoegemea upande. Redio iwakilishe Marekani yote, isiwe ya kundi moja. Na sera za serikali zielezwe wazi, pamoja na mijadala na maoni juu ya sera hizo. Juu ya hapo, sheria ya mwaka 1994 ikaongeza ukuta kati ya wanasiasa na chumba cha habari: ofisa wa serikali asiingilie kazi ya mhariri.

Karatasi hiyo ina nguvu? Hebu tuipime kwa kisa.

Septemba 2001. New York na Washington zimeshambuliwa. Waandishi wa Sauti ya Amerika wanampata kwa simu Mullah Omar, kiongozi wa Taliban, mtu aliyemhifadhi Osama bin Laden. Wanamhoji. Wizara ya Mambo ya Nje inasikia, inakuja juu: vipi redio inayolipwa na walipa kodi wa Marekani impe kipaza sauti adui wa Marekani, tena katika wiki kama hii? Bodi inashinikizwa, kipindi kinazuiwa. Ndani ya chumba cha habari watu wanagoma kukubali. Zaidi ya mia moja wanatia saini barua ya kulalamika. Mkurugenzi wa muda, Bi. Myrna Whitworth, anawaambia wafanyakazi wasikubali kunyamazishwa. Na tarehe 25 Septemba sehemu za mahojiano yale zinarushwa, zikiwa ndani ya taarifa iliyokuwa na sauti nyingine pia.

Mlisikia vizuri? Serikali ilisema hapana, redio ya serikali ikasema ndiyo. Ni nchi ngapi jambo hilo lingewezekana? Sitataja nchi. Kila mtu ana yake kichwani.

Kwa hiyo sheria ile ya ukurasa mmoja ina meno. Lakini meno hayo yako kinywani mwa nani? Turudi mwaka 2025. Baada ya redio kunyamaza, watu walikwenda mahakamani. Tarehe 22 Aprili Jaji Royce Lamberth akaamuru Sauti ya Amerika irejeshwe ili itimize kazi iliyopewa na sheria ya kuwa chanzo cha habari cha kuaminika. Akasimama juu ya sheria ileile. Vizuri sana. Sasa tazameni majina ya walioshtaki: waandishi, vyama vya wafanyakazi, shirika la Waandishi Wasio na Mipaka. Yuko wapi mzee aliyefunga waya kwenye bati? Hayumo. Hawezi kuwamo. Hapigi kura kule, halipi kodi kule, hana mbunge kule. Redio inaendeshwa kwa ajili yake, inahesabu masikio yake kila mwaka ili ipate bajeti, lakini siku ya kesi yeye si mtu wa kesi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika redio hizi mgeni ni sisi, na anayepona ni mwenyeji.

Twende London, haraka kidogo. BBC ilianza idhaa yake ya dola mwaka 1932, na Kiswahili mwaka 1957. Kiswahili cha BBC kilikuja miaka mitatu baada ya Redio Cairo kuanza kuwasema wakoloni kwa Kiswahili hikihiki, wakati wa Nasser. Wenye umri wao hapa wanaikumbuka. BBC haiendeshwi kwa sheria ya Bunge ya kawaida. Ina Hati ya Kifalme, na pamoja nayo makubaliano na serikali. Kwa miaka mingi Wizara ya Mambo ya Nje ndiyo iliyotoa fedha za idhaa za nje. Tangu Aprili 2014 sehemu kubwa hutoka kwenye ada wanayolipa Waingereza wenye televisheni, na serikali huongezea. Makubaliano yanasema hivi: waziri ana sauti katika lugha zipi zianzishwe au zifungwe, lakini hana sauti katika kinachosemwa ndani ya lugha hizo.

Mtauliza: karatasi hiyo nayo imepimwa? Imepimwa, na kipimo chake ni kikali kuliko vyote ninavyovijua, kwa sababu serikali moja ilikuwa na redio mbili katika wiki moja.

Mwishoni mwa Oktoba 1956 Uingereza, Ufaransa na Israeli zinaivamia Misri kwa sababu ya mfereji wa Suez. Kisiwani Cyprus kuna redio ya Kiarabu inayoitwa Sharq al-Adna. Inajulikana kwa muziki mzuri na habari, na wasikilizaji wake wengi hawajui kwamba nyuma yake iko serikali ya Uingereza. Haina hati, haina ukuta. Serikali inaichukua mchana kweupe na kuipa jina jipya, Sauti ya Uingereza, ianze kuwapigia Wamisri propaganda ya vita. Watangazaji Waarabu wanakataa kazi. Redio iliyokuwa na jina zuri inakuwa si chochote.

Wakati huohuo, London, Waziri Mkuu Eden anataka BBC nayo iimbe wimbo mmoja. Kiongozi wa upinzani, Hugh Gaitskell, anapewa nafasi hewani tarehe 4 Novemba, anavipinga vita, na BBC inawatangazia walimwengu, pamoja na Waarabu, kwamba Waingereza wenyewe wamegawanyika. Serikali inakasirika. Inatishia kukata pauni milioni moja kwenye fedha za idhaa za nje, inampeleka ofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje akae Bush House, palepale walipo watangazaji. BBC haikupinda. Serikali moja, vita vilevile, wiki ileile. Redio yenye hati ilisimama, na ile isiyo na hati ikabebwa kama mzigo.

Kwa Wajerumani nitapita tu. Deutsche Welle, iliyoanza mwaka 1953 na Kiswahili mwaka 1963, ina sheria yake yenyewe. Inalipwa kwa kodi ya serikali kuu, lakini serikali inaruhusiwa kuangalia kama sheria inafuatwa, hairuhusiwi kusimamia maudhui. Wafaransa wana sheria yao ya mawasiliano ya mwaka 1986, na redio yao ya nje, RFI, ilianza Kiswahili mwaka 2010 ikiwa Dar es Salaam. Wachina walianza Kiswahili mwaka 1961, kabla ya Wamarekani na Wajerumani, na redio yao tangu mwaka 2018 iko moja kwa moja chini ya idara ya uenezi ya Chama cha Kikomunisti. Sisemi msiisikilize. Mimi mwenyewe naisikiliza, hasa habari za biashara. Nasema mjue mnaposikiliza kwamba pale hakuna ukuta, wala hakuna anayedai kwamba upo.

Mpaka hapo msikilizaji mmemwona? Sijamwona bado. Twende Geneva.

Mwaka 1936, chini ya Shirikisho la Mataifa, nchi kadhaa zilitia saini mkataba juu ya kutumia redio kwa ajili ya amani. Walikubaliana kwamba hakuna serikali itakayoacha redio yake iwachochee watu wa nchi nyingine kuasi, wala ihimize vita, wala itangaze uongo inaoujua kuwa ni uongo unaoweza kuharibu uelewano. Ukaanza kazi mwaka 1938. Mwaka 1939 vita vikalipuka. Mnaona jinsi karatasi inavyoweza kuwa nzuri na dunia isijali?

Lakini mwaka 1948, mwaka uleule wa Smith-Mundt, Umoja wa Mataifa, ukiwa Paris, ukapitisha Tangazo la Haki za Binadamu. Kifungu cha 19 kinasema kila mtu ana haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari kwa njia yoyote bila kujali mipaka. Kupokea! Huyo hapo msikilizaji wetu, ametajwa hatimaye. Haki hiyo ikarudiwa katika mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 1995. Hati ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo tuliiridhia mwaka 1986, nayo inasema katika kifungu cha 9 kwamba kila mtu ana haki ya kupata habari. Kwa hiyo, mzee wangu, haki yako haikuandikwa Washington. Imeandikwa Paris, New York na Banjul, na serikali yako mwenyewe imeitia saini.

Haki hiyo ina mipaka yake. Kifungu cha 20 cha mkataba ule wa haki za kiraia na kisiasa kinapiga marufuku propaganda ya vita na uchochezi wa chuki za taifa, rangi au dini. Katika ukanda wetu huu hatuhitaji mwalimu wa kutueleza kwa nini. Mwaka 1994 tulikuwa majirani wa RTLM, redio ya Rwanda iliyochochea mauaji ya kimbari. Mahakama ya Arusha iliwatia hatiani mwaka 2003 watu wawili waliohusika kuianzisha, pamoja na mhariri wa gazeti la chuki. Lakini wakati mauaji yakiendelea, Mei 1994, wakubwa wa ulinzi wa Marekani waliulizwa kama wangeweza kuyazuia mawimbi yale. Jibu lililoandikwa lilikuwa kwamba ndege ya kazi hiyo ingegharimu kama dola 8,500 kwa saa na isingefaa kitu, na wanasheria wakataja mikataba ya mawasiliano. Dola 8,500 kwa saa. Mimi ni mtu wa sheria na naiheshimu sheria, lakini siku hiyo sheria ilitumiwa kama mwavuli wa mtu asiyetaka kutoka nyumbani.

Na upande wa pili kuna serikali zinazoona kila habari kuwa uchochezi. Burundi ilizisimamisha BBC na Sauti ya Amerika Mei 2018, siku chache kabla ya kura ya maoni, na BBC haikuruhusiwa kurudi hadi mwaka 2022. Rwanda ilisimamisha matangazo ya BBC ya Kinyarwanda Oktoba 2014. Ndugu zetu wa Kongo, RFI ilikatwa Kinshasa Novemba 2016, ikakaa miezi mingi bila kusikika, ikakatwa tena mwisho wa Desemba 2018 kura zikihesabiwa. Mnajua ilivyokuwa. Hapa Uganda hakuna kinachoruka kwenye FM bila leseni ya UCC, tume ya mawasiliano, chini ya sheria ya mwaka 2013, na sheria hiyo ina viwango vya chini vya utangazaji ambavyo waziri au ofisa mwenye hasira anaweza kuvivuta hadi vikatike. Redio ya nje inayorushwa na mtambo wa hapa ni mpangaji. Ya mawimbi mafupi, iliyorushwa kutoka mbali, ilikuwa haimwombi mtu. Ndiyo maana mimi huwa sifurahii ninaposikia kwamba mawimbi mafupi yamepitwa na wakati.

Kuna kanuni moja ya Geneva inayowahusu nyinyi wa mpakani kuliko mtu wa Kampala. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linasema katika kanuni zake za redio kwamba, kwa kawaida, stesheni inayotumia masafa ya juu ya megahezi 41 isitumie nguvu kuliko inavyohitajika ili isikike vizuri ndani ya nchi yake. FM yote iko juu ya hapo. Maana yake serikali haitakiwi kuweka mtambo wa FM mlimani Kasese na kuuongezea nguvu kwa makusudi ili ukae juu ya Beni. Mawimbi yakivuka yenyewe kwa sababu ya mlima na bonde, hayo ni majaliwa. Ukiyasukuma, hayo ni mengine.

Na hapa tumefika nyumbani.

Waganda tumezoea kuzungumza juu ya redio za serikali za nje kana kwamba sisi ni wasikilizaji tu. Sisi pia tumekuwa wasemaji. Redio Uganda iliwahi kuwa na idhaa ya nje ya mawimbi mafupi. Na hata bila idhaa ya nje, majirani walitusikia. Tarehe 25 Januari 1971 askari mmoja alisoma hewani sababu 18 za kumpindua Obote. Tarehe 2 Novemba 1978 Redio Tanzania ilimrusha Nyerere akisema sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao, na wenye redio upande huu walijua kinachokuja. Tarehe 11 Aprili 1979 kamanda Oyite Ojok akatangaza kupitia Redio Uganda kwamba serikali ya Amin imeanguka. Mkubwa wa hapa alibadilika, kipaza sauti kikabaki kilekile, na kila aliyeingia alikikuta bila ukuta.

Mwaka 2005 tulipata sheria ya UBC, iliyoiunganisha Redio Uganda na televisheni ya taifa kuwa shirika la umma. Ilikuwa hatua. Lakini bodi yake huteuliwa na waziri. Na katika sheria hiyo sijaona kifungu kama kile cha ukurasa mmoja cha mwaka 1976, kinachomwambia mhariri: ukiletewa habari mbaya kuhusu serikali, itoe, na sheria itasimama nyuma yako.

Kwa nini nalileta hapa Bwera na si Kampala? Kwa sababu Kiswahili kinapanda. Ni lugha rasmi ya pili katika Katiba yetu tangu marekebisho ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kisukumwe mashuleni. Siku inakuja ambapo mtu atasema Uganda iwe na idhaa ya Kiswahili ya kuzungumza na Kongo, Sudan Kusini na Tanzania. Mimi nitaunga mkono. Juni 2019 Ebola ilipovuka na kufika hapa, mtoto akakutwa nayo na kulazwa katika hospitali ya hapahapa Bwera, ni lugha gani ilifanya kazi pande zote mbili za daraja? Mama wa Kasindi na mama wa Mpondwe walielezana kwa Kiswahili jinsi ya kunawa na nani asiguswe. Idhaa ya namna hiyo inaweza kuokoa watu.

Lakini jeshi letu limekuwa Kongo tangu Novemba 2021. Redio ya serikali yetu ikiwaambia watu wa Beni kwamba mambo ni shwari, mtu wa Beni atauliza nini? Atauliza nilichowauliza nyinyi leo. Nani anailipa? Nani anaweza kumfukuza mhariri? Na siku wanajeshi wa Uganda wakifanya kosa, redio ya Uganda italisema? Tukiwa hatuna jibu lililoandikwa katika sheria, tusimlaumu akizima.

Kwa hiyo ombi langu kwa mbunge wetu, ambaye ametuma mwakilishi, ni hili. Idhaa hiyo ikija, sheria itangulie mtambo. Wajumbe wa bodi wapitishwe na Bunge lote, pamoja na upinzani, wasiwe wa waziri peke yake. Fedha zitengwe kwa miaka kadhaa, ili asije mtu akaikata koo redio kwa bajeti ya mwaka mmoja kwa sababu ya kipindi kimoja. Mhariri asifukuzwe bila sababu kuandikwa na kusikilizwa. Na kiwepo kifungu ambacho Wamarekani hawakukiweka, Waingereza hawakukiweka, na sisi tunaweza kuwa wa kwanza kukiweka: kwamba msikilizaji wa nje, Mkongo wa Kasindi au Msudani Kusini wa Kajo Keji, akitangaziwa uongo na redio yetu, ana haki ya kulalamika kwenye chombo huru hapa Uganda na kujibiwa hewani, kwa lugha ileile, katika saa ileile ya kipindi.

Mwakilishi wa mbunge ananiandikia kitu hapa. Anasema kifungu hicho kitazua kesi nyingi. Ndiyo, ndugu yangu, kitazua. Tuanze na maswali ya waliotoka mbali; dada wa Kasindi, kipaza sauti kinakuja kwako, na usijali kama swali lako ni refu, mimi nimewachosha vya kutosha.